Pampu ya Kusukuma Rojo ya Mchanga: Jinsi Inavyosanifiwa na Kupimwa

Maji na mchanga ni vitu viwili ambavyo kila mtu anavifahamu tangu utotoni. Hata hivyo, vikichanganywa na kupitishwa ndani ya bomba, hupatikana kitu cha tatu ambacho tabia yake si ya maji wala si ya mchanga. Mchanganyiko huo ndio unaoitwa rojo ya mchanga katika makala haya. Rojo ya namna hiyo husafirishwa katika kuchimba njia za meli bandarini, katika kuosha mchanga wa ujenzi, katika machimbo ya dhahabu ambako mawe yaliyosagwa hupelekwa mitamboni na mabaki yake kupelekwa bwawani, na katika kuchimba madini yaliyomo mchangani. Katika kaunti ya Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, machimbo ya madini ya titani yaliyofanya kazi tangu mwaka 2013 hadi mwisho wa mwaka 2024 yalitumia njia hiyo. Vilima vya mchanga vilibomolewa kwa maji yenye nguvu, na rojo iliyopatikana ikasukumwa kwa pampu na mabomba hadi kwenye mtambo wa kutenga ilmeniti, rutili na zirkoni.

Mtu asiyejua tofauti iliyopo anaweza kudhani kwamba pampu yoyote ya maji inafaa kwa kazi hii. Akiinunua na kuifunga, kwa kawaida mojawapo ya mambo mawili hutokea: ama bomba huziba katika saa chache za mwanzo, ama pampu hutoboka baada ya majuma machache. Yote mawili ni hasara, na yote mawili yangeweza kutabiriwa kwa kanuni za fizikia zinazofundishwa katika shule za sekondari. Nia ya makala haya ni kueleza kanuni hizo, kuonyesha kwa mfano mmoja jinsi msanifu anavyozitumia, na kueleza kwa nini kazi yake haijaisha mpaka pampu ijaribiwe kwa mchanga wenyewe.

Rojo ni nini

Punje nyingi za mchanga wa kawaida ni za kwatsi, ambayo densiti yake ni kilo 2,650 kwa kila mita moja ya ujazo, yaani mara 2.65 ya densiti ya maji. Ikiwa sehemu ya mchanga katika ujazo wote wa rojo ni C, basi densiti ya rojo ikilinganishwa na ya maji ni 1 + 1.65C. Kwa mfano, rojo yenye asilimia 15 ya mchanga kwa ujazo ina densiti ya mara 1.25 hivi ya maji. Yafaa ieleweke kwamba asilimia 15 kwa ujazo si asilimia 15 kwa uzito. Katika rojo hiyo hiyo mchanga ni asilimia 32 ya uzito wote. Mafundi wengi hukosea hesabu kwa kutotaja ni kipimo kipi wanachotumia.

Tofauti kubwa kati ya rojo na kimiminiko cha kawaida ni kwamba mchanga hauyeyuki. Kila punje daima inaelekea kuzama. Punje ya kipenyo cha milimita 0.5 huzama katika maji yaliyotulia kwa mwendo wa sentimita 7 hivi kwa sekunde. Ile ya milimita 0.1 huzama kwa mwendo usiofika sentimita 1 kwa sekunde. Kinachoizuia punje isilale chini ya bomba ni msukosuko wa maji yaendayo kasi. Msukosuko ukipungua, punje za chini huanza kujiburura sakafuni mwa bomba, kisha husimama na kufanya kitanda, na kitanda kikikua bomba huziba.

Kasi ya chini kabisa

Swali la kwanza la msanifu, basi, ni hili: maji yaende kwa kasi gani ili mchanga usitulie? Jibu lililo mashuhuri zaidi lilipatikana Grenoble, Ufaransa, ambako Durand na wenzake walifanya majaribio mengi na kuyatangaza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Walitumia mabomba ya kipenyo cha kuanzia milimita 40 hadi 580, na mchanga na changarawe za ukubwa mbalimbali. Waligundua kwamba kasi ambayo chini yake mchanga huanza kutulia hulingana na kipeuo cha pili cha 2gD(s − 1), ambapo g ni mchapuko wa uvutano wa dunia, D ni kipenyo cha bomba, na s ni densiti ya mchanga ikilinganishwa na ya maji. Kipeuo hicho huzidishwa kwa namba inayotegemea ukubwa wa punje na wingi wake. Kwa mchanga wa kadiri, namba hiyo huwa kati ya 1 na 1.4 hivi.

Kanuni hii ina funzo moja ambalo watu wengi hawalitarajii. Kwa kuwa kipenyo D kimo ndani yake, bomba kubwa huhitaji kasi kubwa zaidi kuliko bomba dogo. Kwa namba ya 1.2, bomba la milimita 100 huhitaji kasi isiyopungua mita 2.2 hivi kwa sekunde, na bomba la milimita 200 huhitaji mita 3.1 hivi kwa sekunde. Mtu anayebadilisha bomba dogo kwa kubwa akitumaini kupunguza msuguano, na pampu ikabaki ile ile, hupunguza kasi pale ambapo kasi kubwa zaidi inatakiwa. Bomba lake litaziba hata kama hesabu ya maji matupu ilionyesha kwamba amepata faida.

Kasi ya juu kabisa

Ikiwa mwendo wa pole huziba bomba, kwa nini basi rojo isiendeshwe kwa kasi kubwa sana? Jibu ni kwamba mchanga hula chuma. Katika kipimo cha Mohs, kwatsi ina ugumu wa 7, nayo huikwaruza kwa urahisi chuma cha kusubu cha kawaida na chuma cha pua kisichotiwa ugumu. Punje inayopiga ukuta wa pampu hufanya kazi kama patasi ndogo. Nguvu ya pigo lake hufuata nishati-mwendo, nayo huongezeka kwa mraba wa kasi. Aidha, kasi ikiongezeka, idadi ya punje zinazopiga kwa kila sekunde nayo huongezeka. Kwa sababu hizo ulikaji huongezeka kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara mbili au tatu. Pampu ikiongezewa mzunguko kwa asilimia 10 tu, ulikaji wake huweza kuongezeka kwa asilimia 20 hadi 33.

Hapa ndipo ulipo ugumu wa kazi nzima. Msanifu amebanwa kati ya kasi mbili: ya chini, ambayo akishuka chini yake mchanga hulala, na ya juu, ambayo akiipita pampu huliwa. Kila uamuzi unaofuata, wa umbo, wa madini na wa mzunguko, ni jitihada ya kukaa katikati ya mipaka hiyo.

Jinsi pampu inavyofanya kazi

Pampu zinazotumika zaidi kwa kazi hii ni zile zenye gurudumu la mapanga, ambalo mafundi huliita impela, linalozunguka ndani ya kasha lenye umbo la konokono. Rojo huingia katikati ya impela, mapanga huizungusha, nayo hutupwa ukingoni kwa kasi. Ndani ya kasha njia hupanuka, kasi hupungua, na sehemu ya nishati-mwendo hugeuka kuwa kanieneo. Umbo la mapanga lina maana kubwa. Katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, John Appold alionyesha kwamba pampu yenye mapanga yaliyopinda ilikuwa na ufanisi wa asilimia 68, hali ile yenye mapanga yaliyonyooka kutoka katikati haikupita asilimia 24 hivi.

Uwezo wa pampu ya namna hii hutajwa kwa kimo, yaani urefu wa kwenda juu ambao inaweza kukipandisha kimiminiko. Kimo hutegemea kasi ya ncha ya impela, wala si densiti ya kimiminiko. Pampu inayopandisha maji mita 15 ingepandisha na rojo mita 15, lau si kwamba punje za mchanga huachwa nyuma na maji na kupoteza sehemu ya nishati kwa kukwaruzana. Kwa sababu ya upotevu huo, kimo hupungua kwa asilimia kadhaa. Kwa pampu ndogo na mchanga wa kadiri, kupunguza asilimia 10 ni makisio ya busara. Lakini kanieneo, ambayo ni kimo mara densiti, huongezeka, na uwezo unaotakiwa kwenye mota huongezeka pamoja nayo. Ndiyo maana mota iliyotosha kwa maji huungua kwa rojo.

Mfano wa usanifu

Chukulia kwamba rojo ya mchanga wa milimita 0.5 inatakiwa kutolewa katika birika la kuchanganyia na kupelekwa kwenye mtambo wa kuoshea, ambao uko juu zaidi kwa mita 6. Bomba lina kipenyo cha milimita 100 na urefu wa mita 80. Rojo ina asilimia 15 ya mchanga kwa ujazo.

Hatua ya kwanza ni kuchagua kasi. Mpaka wa chini, kama ilivyoonekana, ni mita 2.2 hivi kwa sekunde. Msanifu huongeza kidogo kwa ajili ya usalama na kuchagua mita 2.5. Kwa kasi hiyo lita 19.6 za rojo hupita kila sekunde, na ndani yake mna kilo 7.8 za mchanga. Hiyo ni tani 28 za mchanga kila saa.

Hatua ya pili ni kutafuta upinzani wa njia, na ni vyema upimwe kwa mita za maji. Kupandisha rojo mita 6 ni sawa na kupandisha maji mita 7.5, kwa kuwa rojo ni nzito mara 1.25. Maji matupu yangepoteza mita 4.6 hivi kwa msuguano wa bomba. Mchanga huongeza msuguano huo, na kwa kanuni ya Durand hasara hufika karibu mita 8.7. Viwiko vya bomba, mlango wa kuingilia na wa kutokea huongeza mita 0.8. Jumla ni mita 17 za maji, ambazo ni sawa na mita 13.6 za rojo. Kwa kuwa mchanga hupunguza kimo kwa asilimia 10, pampu lazima iwe na uwezo wa kupandisha maji matupu mita 15.1.

Hatua ya tatu ni ukubwa wa impela. Kimo cha pampu ya aina hii ni karibu 0.45 ya mraba wa kasi ya ncha, ukigawanywa kwa g. Kimo cha mita 15.1 hudai kasi ya ncha ya mita 18 kwa sekunde. Kwa mizunguko 1,450 kwa dakika, kipenyo cha impela huwa milimita 240 hivi. Kwa mizunguko 2,900 kingekuwa nusu yake, na pampu ingekuwa ndogo na ya bei nafuu. Hata hivyo impela ndogo ina njia nyembamba zinazozibwa na kokoto, na punje zinazopinda katika duara dogo kwa kasi ile ile hugandamizwa ukutani kwa nguvu maradufu. Msanifu mwenye busara huchagua impela kubwa inayokwenda polepole.

Hatua ya nne ni mota. Kazi inayofanyika kwenye rojo ni kilowati 3.3. Ikiwa ufanisi wa pampu ni asilimia 50, shafti itadai kilowati 6.5. Mota ya kilowati 7.5 ingeweza kutosha kwa taabu. Lakini rojo ikizidi uzito kwa muda, mota hiyo itazidiwa. Kwa hiyo huchaguliwa ya kilowati 11.

Sasa na tumtazame yule aliyehesabu kwa maji matupu. Hesabu yake ingempa kimo cha mita 11.3 tu: mita 6 za kupanda, 4.6 za msuguano na 0.7 za viwiko na milango. Pampu yake ikitiwa rojo hutoa kimo cha mita 10.2, ambacho ni sawa na mita 12.7 za maji, mahali panapotakiwa mita 17. Mwendo utapungua. Katika maji matupu kupungua huko kungeleta nafuu, kwa sababu msuguano hushuka upesi. Katika rojo nafuu hiyo ni ndogo mno: kasi ikishuka kutoka mita 2.5 hadi 2.0 kwa sekunde, msuguano hushuka kutoka mita 8.7 hadi 8.0 tu, na tayari kasi iko chini ya mpaka wa kutulia. Mchanga hulala, njia husongwa, upinzani huongezeka, na mwisho wake ni bomba lililojaa mchanga mgumu ambalo halina budi kufunguliwa kipande kwa kipande. Hivyo ndivyo kosa dogo la karatasini linavyogeuka kuwa siku kadhaa za kazi iliyosimama.

Umbo na madini

Impela ya rojo hutambulikana mara moja. Mapanga yake ni machache, mara nyingi matatu hadi matano, nayo ni manene, na nafasi kati yake ni pana ili kokoto zipite. Ulimi wa kasha, pale njia ya kutokea inapoanzia, huwekwa mbali na impela ili punje zisikwaruze mahali pamoja. Mambo hayo yote hupunguza ufanisi. Pampu ya maji iliyotengenezwa vizuri huweza kufika asilimia 75 au zaidi, ilhali pampu ndogo ya rojo huridhika na 50 au 60. Msanifu hulipa gharama hiyo ya umeme ili pampu idumu.

Kuhusu madini, kuna njia mbili ambazo kwa nje zinapingana. Njia ya kwanza ni kutumia kitu kigumu kuliko mchanga. Chuma cheupe cha kusubu chenye kromi kiasi cha asilimia 27 kina ndani yake chembe za kabidi zilizo ngumu kuliko kwatsi. Njia ya pili ni kutumia kitu laini kinachonyumbuka, yaani mpira. Punje ndogo ikipiga mpira huzama kidogo na kurudishwa bila kukata. Bitana ya mpira hushinda chuma pale ambapo punje ni ndogo na za mviringo na kasi si kubwa. Lakini kokoto zenye makali huuchana mpira, na mafuta huuharibu. Mwishoni mwa miaka ya 1930, katika machimbo ya dhahabu ya Kalgoorlie huko Australia Magharibi, mhandisi Charles Warman alisanifu pampu iliyokubali jambo moja la msingi: kwamba ulikaji hauwezi kuondolewa. Sehemu zinazolika zilifanywa ziwe za kubadilishwa upesi, na mwili wa pampu ukabaki salama. Wazo hilo ndilo linaloongoza usanifu wa pampu za rojo hadi leo.

Mahali pengine pa hatari ni pale shafti inapoingia ndani ya kasha. Mchanga ukipenya hapo husaga shafti na kufika kwenye beringi. Dawa ya kwanza ni kuweka mapanga madogo nyuma ya impela yanayoisukuma rojo irudi nje. Dawa ya pili ni kutia maji safi kwenye kizibo cha shafti kwa kanieneo iliyo kubwa kidogo kuliko ya ndani, ili kama kuna kuvuja, maji safi ndiyo yaingie ndani na si mchanga utoke.

Upande wa kufyonzea

Pampu haivuti rojo kwa kamba. Kinachoisukuma rojo ndani ya pampu ni hewa ya dunia inayogandamiza uso wa maji. Usawa wa bahari, hewa hiyo huweza kushikilia safu ya maji ya mita 10.3. Kwa rojo yenye densiti ya 1.25 ni mita 8.2 tu. Kando ya Ziwa Nyanza, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na safu ya maji hushuka hadi mita 9 hivi. Toa hapo msuguano wa bomba na mvuke wa maji ya moto wa nchi zetu, na nafasi inayobaki ni ndogo. Kanieneo ikishuka mno, maji huchemka yakiwa baridi, viputo hufanyika na kupasuka kwa kishindo ndani ya impela, na chuma hudonolewa. Ndiyo maana pampu ya rojo huwekwa chini ya usawa wa birika kila inapowezekana, au huzamishwa kabisa majini.

Kuipima pampu

Jaribio la kwanza hufanywa kwa maji safi. Vali ya kutokea hufunguliwa hatua kwa hatua, na kila hatua hupimwa mambo manne: mtiririko, kwa kujaza tangi la ujazo unaojulikana huku sekunde zikihesabiwa, kanieneo ya kuingia na ya kutoka, kwa geji mbili, mizunguko kwa dakika, na umeme unaoliwa na mota. Vipimo hivyo huchorwa katika grafu ya kimo dhidi ya mtiririko. Hii ndiyo hati ya kuzaliwa ya pampu, na baadaye kila udhaifu utapimwa kwa kulinganishwa nayo.

Jaribio la pili ni la rojo, na hapa ndipo penye mitego. Kwa kawaida rojo huzungushwa katika bomba linalorudi kwenye birika lile lile. Mbinu hii huokoa mchanga, lakini punje zinazopita ndani ya pampu mara nyingi hupoteza makali yake na kuwa mviringo. Baada ya saa kadhaa mchanga ule si mchanga tena wa mtoni. Ni mchanga mpole. Anayepima ulikaji bila kubadilisha mchanga atatangaza umri wa pampu ambao mnunuzi hataushuhudia kamwe. Vilevile maji hupata joto kwa kuzungushwa, na mnato wake hubadilika, kwa hiyo halijoto haina budi kuandikwa.

Wingi wa mchanga nao hupimwa kwa njia rahisi. Ndoo ya lita 10 hukingwa mdomoni mwa bomba kwa mkupuo mmoja, kisha hupimwa kwa mizani. Ikiwa rojo iliyomo ina uzito wa kilo 12.5, densiti ni 1.25, na C ni 0.25 ikigawanywa kwa 1.65, yaani 0.15. Sharti ndoo ikinge mtiririko wote. Bomba dogo likichomekwa ubavuni huchota maji mengi kuliko mchanga, na kipimo hudanganya.

Ili kupima ulikaji, impela hupimwa uzito kabla na baada, na unene wa kasha hupimwa katika sehemu zilizotiwa alama. Mara nyingi matokeo huonyesha kwamba chuma hakiliki sawasawa: ncha za mapanga, ulimi wa kasha na pete ya kuingilia ndizo zinazoumia kwanza. Mchoro wa mahali panapolika una thamani kuliko jumla ya gramu zilizopotea, kwa sababu humwonyesha msanifu pa kuongeza unene.

Kuna kanuni za uendeshaji ambazo majaribio huzithibitisha siku zote. Pampu huanzishwa kwa maji matupu na huzimwa kwa maji matupu, ili mchanga usibaki bombani. Penye umeme wa kukatikakatika, bomba linalopanda huwekewa vali ya kumwagia chini kabisa. Mtiririko haurekebishwi kwa kubana vali, maana vali italiwa. Hurekebishwa kwa kubadilisha magurudumu ya mkanda na hivyo mizunguko. Wala pampu haiachwi ikizunguka hali njia zake zote mbili zimeziba. Nishati ya mota haina pa kwenda ila kuyapasha moto maji yaliyofungiwa, na mvuke wake umewahi kupasua makasha ya pampu za rojo na kuua watu.

Jaribio kwa wanafunzi

Kasi ya kutulia kwa mchanga inaweza kuonekana darasani bila pampu yoyote. Yatakiwa mpira mwangavu wa kupitishia maji wenye kipenyo cha ndani cha milimita 13 na urefu wa mita 3 hivi, ndoo ya lita 10 iliyowekwa juu kiasi cha mita 1, na mchanga uliochekechwa. Sehemu kubwa ya mpira ilazwe mezani. Mwanafunzi mmoja ayakoroge maji yenye mchanga kidogo ndani ya ndoo, na mwingine abane mwisho wa mpira taratibu huku wengine wakitazama punje. Kwanza punje zote zitaelea, kisha zitakimbia chini kwa makundi, mwishowe zitasimama. Wakati zinapoanza kusimama, mtiririko upimwe kwa chombo na saa. Kanuni ya Durand hutabiri kasi ya karibu mita 0.8 kwa sekunde, yaani lita 1 kwa kila sekunde 10 hivi. Wanafunzi walinganishe, na wakipata tofauti watafute sababu yake: je, punje ni ndogo zaidi? Je, mchanga ni mwingi au mchache?

Jambo hili si la darasani tu. Pampu iliyofanyiwa hesabu humo juu huweza kuhamisha tani 28 za mchanga kwa saa, kazi ambayo kwa majepe ingewachukua watu wengi siku nzima. Uwezo wa namna hiyo ukiwekwa mtoni bila kibali wala kipimo huweza kuporomosha kingo na kuharibu nguzo za madaraja. Ukiwekwa panapofaa, huinua kazi ya machimbo na ya ujenzi. Kasha na impela ya pampu hii si vitu visivyowezekana kusubiwa katika viwanda vya Afrika Mashariki. Kinachohitajika ni mafundi wanaojua kwa nini panga liwe nene, kwa nini impela iende polepole, na kwa nini hati ya majaribio ya maji matupu haitoshi.